Geuza Jagi Kwanza

Jogoo wangu wa kwanza nilimnunua kwa yuro 18 kando ya barabara moja ya Lille, kaskazini ya Ufaransa, saa moja asubuhi, huku maganda ya kome yakinuka kila upande. Ilikuwa Braderie, wikiendi ya kwanza ya Septemba, ambapo mji mzima hugeuka gulio. Watu hutandaza mbele ya nyumba zao kila walichokitoa darini na stoo, mikahawa hupika kome na chipsi kutwa kucha, na maganda humwagwa nje yakawa kichuguu, maana kila mkahawa unataka lundo lake lilishinde la jirani. Mimi siku hiyo nilikuwa natafuta viti.

Jogoo alikuwa amesimama kati ya pasi mbovu na sanduku la vijiko. Ni jagi la udongo, kimo chake shubiri moja na ushei, kifua cha njano, mabawa ya kijani, undu mwekundu. Mdomo wake uko wazi, na hapo ndipo pa kumiminia. Mkia umepindwa ukarudi juu hadi shingoni ukawa kishikio. Nikamwinua, nikaanza kumsifu kwa Kifaransa changu cha kuokoteza cha wakati ule. Mzee aliyekuwa akiuza, ameketi kwenye kiti cha kukunja na kikombe cha kahawa mapajani, akanikatiza.

"Uso utakudanganya, madame. Mgeuze."

Nikamgeuza. Chini palikuwa na jina la kiwanda, Saint-Clément, kwa wino uliofifia, na neno France. Mzee akanishika kidole, akakipitisha juu ya vidoa vitatu vidogo vilivyokwaruza, vimepangana kama mafiga. Akanieleza kwamba ndani ya tanuri chombo hakiruhusiwi kugusa sakafu, kwani rangi ikiyeyuka kitaganda hapo hapo. Kwa hiyo hukalishwa juu ya vijiguu vitatu vya udongo vyenye ncha, na kikishapoa vijiguu huvunjwa, alama zikabaki. Mafiga matatu! Nilihisi kama mtu amenisalimia kwa Kidigo katikati ya Lille.

Viti sikununua. Sasa ni mwaka wa tisa, na nina majagi 41.

Kugeuza chombo sikuanzia Ufaransa, ila nilikuwa nimesahau. Nyumbani kwa bibi yangu Tanga palikuwa na bakuli moja jeupe lenye maua ya buluu na mekundu, likikaa juu ya kabati, na halikushushwa isipokuwa Idi. Siku moja nilipolifuta vumbi nikaliona limeandikwa chini kwa herufi ndogo: Maastricht. Nikamuuliza bibi Maastricht ni nini. Akasema ni jina la bakuli. Baadaye sana, nikiwa huku, ndipo nilipojua kwamba ni mji wa Uholanzi, na kwamba viwanda vyake vya karne ya 19, kile cha Petrus Regout kikiwa mashuhuri kuliko vyote, vilipeleka mabakuli yake mpaka Unguja na pwani nzima. Wala bibi hakukosea. Kwetu yalikuwa ni mabakuli ya Maastricht, basi.

Sasa niseme haya majagi ni kitu gani, kwa sababu watu huyachanganya na kauri. Kauri huchomwa kwa moto mkali sana mpaka udongo wenyewe unakaribia kuwa kioo, ukiuelekeza kwenye taa mwanga unapenya. Fayansi, neno lililotoka katika jina la mji wa Faenza huko Italia, ni udongo wa moto wa chini kidogo. Una matundu madogo yasiyoonekana, hunywa maji kama chungu chetu cha kawaida, na kinachouzuia usivuje ni utando wa kioo uliopakwa juu. Hayo ninayokusanya ni ya udongo mweupe uliochanganywa na jiwe la gumegume lililosagwa, ukafinyangwa ndani ya kalibu za plasta, ukachomwa mara ya kwanza, ukapakwa rangi zenye risasi, ukachomwa tena. Kwenye masoko huku huitwa barbotini. Hasa barbotini ni uji wa udongo, ule unaogandishia kishikio kwenye tumbo la jagi, lakini wauzaji wamelipanua neno mpaka likafunika kila chombo chenye sura na rangi za kung'aa.

Na sura ndiyo yenyewe. Jogoo, bata, samaki aliyesimama wima amefungua kinywa, paka, kasuku, dubu, mwanamke mwenye kofia, babu mwenye mashavu mekundu anayecheka. Wako pia nguruwe wengi, wengine wamevalishwa nguo na kusimama kama watu, na wakusanyaji wengi huanza na nguruwe. Mimi sikuwahi kumchukua hata mmoja. Sikulelewa kuweka nguruwe mezani, hata awe wa udongo.

Mizizi ya jambo hili Ufaransa haina budi kuanzia kwa Bernard Palissy, mtu ambaye nikimfikiria hukumbuka methali yetu ya mfinyanzi kulia gaeni, ila yeye alikwenda mbali zaidi, alichoma hata meza ya kulia. Aliishi Saintes, magharibi ya nchi, karne ya 16, kazi yake ikiwa kuchora vioo na kupima mashamba. Akaonyeshwa kikombe cheupe kilichopakwa utando wa kung'aa, akaapa kujua siri yake. Ilimchukua miaka kama 16. Aliandika mwenyewe, katika kitabu kilichotoka 1580, jinsi kuni zilivyomwishia rangi ikiwa inakataa kuyeyuka, akang'oa miti ya uzio wa bustani, ikaisha, akatia tanurini meza na mbao za sakafu ya nyumba yake. Majirani walisema amerukwa na akili, wengine wakamshuku kwamba anatengeneza pesa bandia. Alipofaulu, alitengeneza masinia yaliyojaa mijusi, nyoka, vyura, samaki na majani, baadhi ya viumbe hao amewatolea kalibu kutoka kwenye miili yao halisi, magamba yote yakahesabika. Malkia Catherine de' Medici alimwagiza pango zima la udongo kwa ajili ya bustani ya Tuileries. Hayo yote hayakumwokoa. Alikuwa Mprotestanti katika nchi iliyowawinda Waprotestanti, akakataa kuikana imani yake, akafia gerezani Bastille akiwa mzee wa karibu miaka 80.

Nimesimama mbele ya sinia la namna hiyo nyuma ya kioo cha makumbusho nikaona mjusi amekunja kidole kimoja cha mguu wa nyuma. Kidole kimoja tu. Hakuna aliyemlipa Palissy kwa kidole kile.

Baada yake palitokea mengi, nayapita haraka: karne ya 18 kiwanda cha Hannong huko Strasbourg kikatengeneza mabakuli ya supu yenye umbo la kabichi na bata mzinga, karne ya 19 Charles-Jean Avisseau wa Tours akafufua mijusi ya Palissy, na Mfaransa mwingine, Léon Arnoux, aliyeajiriwa na kiwanda cha Minton huko Uingereza, akatoa rangi nzito za kung'aa zilizoonyeshwa London kwenye Maonyesho Makuu ya 1851 na kuitwa majolika. Kuanzia hapo ulimwengu wote ukataka vyombo vya namna hiyo, na viwanda vya Ufaransa vikaamka.

Kiwanda kikubwa kuliko vyote kilikuwa Sarreguemines, na hapa ndipo nataka tukae, kwa sababu hakuna sehemu ya chini ya jagi iliyonifundisha zaidi ya hii.

Sarreguemines ni mji wa mpakani, mashariki kabisa, mahali mto Blies unapoingia mto Saar. Kiwanda kilianza 1790, mwaka mmoja baada ya Mapinduzi ya Ufaransa kuanza. Kikashika kasi chini ya Paul Utzschneider, mtu kutoka Bavaria, ambaye Napoleon alikuwa miongoni mwa wateja wake. Halafu ikaja vita ya 1870 na 1871, Ufaransa ikashindwa, na eneo lile likamegwa likawa la Ujerumani. Mji ukaitwa Saargemünd. Wafanyakazi wale wale, udongo ule ule, lakini sasa bidhaa zao zikitaka kuingia Paris zilipaswa kuvuka mpaka na kulipiwa ushuru. Familia ya de Geiger iliyokuwa ikiongoza ikajenga viwanda vingine upande uliobaki Ufaransa, Digoin na Vitry-le-François. Mpaka haukurudi mahali pake hadi 1918.

Ninalo jagi la kichwa cha mwanamume wa makamo, mashavu yamepata rangi ya waridi, nyusi zimechorwa unywele mmoja mmoja, ndani yote limepakwa buluu ya feruzi. Buluu hiyo ya ndani ni desturi ya majagi ya vichwa ya Sarreguemines, na ukiimiminia maji inakuwa kama unachungulia bahari ya Pemba saa nne asubuhi. Kwa mbele ni mtu mcheshi tu. Ukimgeuza unakuta jina la mji limekandamizwa kwenye udongo kabla haujakauka, namba nne za kalibu, na herufi nyingine moja peke yake pembeni. Jina ni la Kifaransa. Mwaka alipotengenezwa, kwa kadiri ya alama zile, mji wenyewe ulikuwa Ujerumani. Watu waliotawaliwa na dola nyingine waliendelea kupiga muhuri wa jina lao la zamani, kwa sababu jina hilo ndilo lililouza. Sisi wa Tanga tunaelewa mambo ya mji kubadilishwa bendera huku mafundi wakiamka asubuhi kwenda kazi ile ile.

Nilikwenda Sarreguemines kwa treni majira ya kuchipua. Kati ya matanuri mengi yaliyokuwapo limebaki moja, la matofali, limebinuka kama chupa kubwa. Makumbusho yako katika nyumba ya Paul de Geiger, na ndani yake mna bustani ya majira ya baridi, chumba ambacho kuta zake ni fayansi tupu, chemchemi kubwa ukutani, matunda, ndege, nguzo, vyote vya kiwandani kwake. Ni chumba cha kumwonyesha mteja tajiri nini kinawezekana. Kilinipendeza, lakini kilichonishika kiko kwenye makumbusho ya pili, kinu cha kale kando ya Blies kinachoonyesha jinsi kazi ilivyofanywa. Huko niliona kalibu za plasta zimefunguliwa nusu mbili kama ganda la kungu. Fundi alikandamiza udongo kila upande kwa vidole, akafunga nusu zikaungana, akangoja plasta inyonye maji, akafungua. Niliporudi nyumbani nilitia mkono ndani ya jagi langu la samaki nikapapasa. Chini ya utando wa kioo, upande ambao hakuna anayeutazama, kuna mabonde manne ya vidole yakishuka kwa mshazari. Vidole vyangu ni vyembamba zaidi, vinakaa ndani yake na nafasi inabaki.

Kupaka rangi kulikuwa kazi ya mikono vilevile, na wanawake walikuwa wengi katika vyumba hivyo. Ndiyo maana majagi mawili ya namba moja hayafanani. Huyu ana jicho lililolegea, yule rangi ya mdomo imemwagika hadi kidevuni. Na rangi zile zilikuwa na risasi, sumu iliyoingia polepole katika miili ya waliozishika kila siku. Nikisikia mtu anasema "uzuri wa zamani" huwa natamani akumbuke hilo pia.

Hilo la risasi lina upande wa jikoni. Mtu usitie juisi ya ndimu, ukwaju wala siki katika jagi la namna hii, kwa sababu uchachu huinyonya risasi ukaileta kwenye glasi. Yalitengenezwa kwa mvinyo na maji, zamani ambapo hakuna aliyejali. Yangu hayanywewi. Yanakaa maua, makorokoro ya jikoni, na mengine hayakai kitu.

Lakini niishipo mimi ni kaskazini, na moyo wangu uko kwa viwanda vya huku, ambavyo vitabu vya bei ghali huvitaja kwa mstari mmoja. Onnaing, karibu na Valenciennes, kilianza 1821 kikafungwa 1938. Fives, mtaa wa hapa hapa Lille, kiwanda cha familia ya de Bruyn. Orchies, kusini kidogo. Hivi vilikuwa vyombo vya watu wa migodi ya makaa na viwanda vya nguo, vya kununuliwa sokoni na kuvunjwa na watoto. Ufinyanzi wake ni mnene, rangi zake zinapiga kelele, kijani juu ya zambarau, njano ya haradali. Wakusanyaji wa Paris huviona vya kishamba. Mimi nasema bata wa Onnaing ana uhai kuliko majogoo mengi ya Delphin Massier, mfinyanzi wa Vallauris huko kusini, ambayo ni kazi ya ufundi wa juu kweli, manyoya yamekatwa kwa ustadi wa ajabu, lakini bei zake ni za matajiri, na jogoo yule anajua kwamba anatazamwa.

Halafu 1914. Wajerumani waliingia Lille mwezi wa Oktoba wakakaa miaka minne. Orchies mwezi mmoja kabla ulikuwa umechomwa moto, mji karibu wote. Kwa hiyo jagi la kaskazini lililotengenezwa kabla ya vita hiyo na likafika kwangu zima limepita kwenye jambo ambalo nyumba za mawe hazikupita. Ukilishika unaweza kulishika kwa mkono mmoja.

Nilishapunjwa, nalo niliseme. Mwaka wa pili nilinunua jagi la kasuku kwa yuro 140 kutoka kwa muuzaji mmoja wa dukani, akaniapia kwamba ni zima, halijaguswa. Nyumbani nikaliosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni. Nusu ya mdomo ikaja na sifongo. Ilikuwa plasta iliyopakwa rangi ya kucha. Niliporudi akasema huenda nimeliangusha. Nililia kwenye basi, kwa hasira zaidi kuliko kwa hela. Tangu siku ile nabeba tochi ndogo ya miale ya urujuani, maana rangi mpya hung'aa tofauti na utando wa zamani, na napiga ukingo kwa ukucha nikisikiliza. Chombo chenye ufa hakijibu. Kinatoa mlio uliokufa, kama kubisha hodi kwenye kadibodi. Natazama pia nyuma ya masikio, chini ya kishikio, mahali ambapo mwenye haraka ya kughushi hana subira ya kufika. Majagi mapya ya kuigiza ya kale huwa mepesi au mazito kupita kiasi, ndani yamepakwa ovyo, na chini yana weupe wa jana.

Kuna vichwa ambavyo siviwezi. Viwanda vya Ulaya, vya Ufaransa vikiwamo, vilitengeneza mitungi ya tumbaku na majagi yenye sura za Waafrika, midomo imetunishwa, macho meupe yametolewa nje, hereni masikioni. Mara ya kwanza nilipokutana na kimoja, kwenye meza ya brokanti, gulio la vitu vya kale, kilikuwa kimekaa kati ya paka na dubu. Hapo nikaelewa kiliwekwa kwenye fungu gani. Muuzaji, mama mmoja mwenye heshima zake, aliona nimesimama, akakifunika kwa gazeti bila kusema neno. Wako Waafrika wanaovinunua ili visirudi kwenye meza za watu, nami nawaheshimu. Mimi sijaweza kukibeba nyumbani kwangu mwanangu akakikuta. Lakini hata hivyo nilikigeuza. Nilitaka kujua ni mji gani. Muhuri haukuwapo, namba tu.

Mwezi wa Mei mwaka huu, katika kijiji kimoja upande wa Douai, walikuwa wanauza vitu vya darini barabarani. Kijana mmoja alikuwa na bata wa Onnaing amelazwa ubavu kwenye boksi la ndizi. Shingo ilikuwa imevunjika kitambo na kuunganishwa kwa vibanio vya chuma, sita, kila kimoja kimetobolewa tundu mbili kwenye udongo kwa keekee ya mkono na kukazwa. Zamani mafundi wa namna hiyo walipita mitaani Ufaransa wakinadi kazi yao, wakaketi mlangoni kwako wakaziba sahani. Kutu ya vibanio ilikuwa imeingia kwenye rangi ya njano ikafanya michirizi kama ya hina.

"Huyo amevunjika," kijana akasema. "Alikuwa wa bibi mzaa bibi. Alimpelekea babu maji shambani nalo."

Nikamwuliza kwa nini hawakununua jingine, na majagi yale yalikuwa rahisi. Akainua mabega. Akasema yuro tano.

Nilimgeuza, ingawa nilikwishamjua. Nikampa kumi.